Mkataba wa biashara na dola kubwa: wa Singapore, wa New Zealand au wa Iceland?

Singapore ilipoanza kujadiliana na Marekani kuhusu biashara huria mwishoni mwa mwaka 2000, milango yake ilikuwa wazi tayari. Ushuru wa forodha uliokuwa umebaki ulihusu bia na aina chache za pombe, basi. Mkataba ulisainiwa Mei 2003, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2004, na ushuru ule ukafutwa kwa bidhaa za Marekani. Lakini Marekani haikukaa mezani zaidi ya miaka miwili kwa sababu ya bia. Ilichokuwa ikitafuta kilikuwa ndani ya vitabu vya sheria vya Singapore: sheria ya ushindani wa kibiashara ambayo nchi hiyo haikuwa nayo, hakimiliki ya muda mrefu zaidi, nafasi kubwa zaidi kwa benki za Kimarekani, na ahadi kuhusu mwenendo wa kampuni zinazomilikiwa na serikali.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndio unaotoa kipimo nitakachotumia hadi mwisho. Nchi ndogo yenye uchumi wazi haina ushuru mwingi wa kutoa. Ikikaa na dola kubwa, hulipa kwa sheria zake. Kwa hiyo anayepima mikataba aliweke pembeni kwanza jedwali la ushuru, hata kama ndilo linalotajwa katika hotuba za siku ya kusaini, aulize mambo matatu. Sheria zipi zinabadilika nyumbani? Mambo yakiharibika, serikali inaruhusiwa kufanya nini? Na dola kubwa ikivunja ahadi, kuna pa kwenda kudai haki?

Kabla ya kulinganisha, kuna swali ambalo wengi hulipita: mkubwa anapata nini kwa kusaini na mdogo? Soko la watu milioni nne au tano haliongezi chochote cha maana kwenye mauzo ya China au Marekani. Anachopata ni mfano wa kuonyesha wengine. China ilipochagua New Zealand iwe nchi tajiri ya kwanza kuwa nayo na mkataba wa biashara huria, ilikuwa inatafuta kuheshimika na kujifunza namna ya kujadiliana. Marekani nayo ilitaka maandishi ya Singapore yawe kiolezo ambacho ingewawekea wengine mezani baadaye. Nguvu ya nchi ndogo iko hapo, na ni nguvu ya muda mfupi. Wa kwanza husikilizwa. Wa kumi hupewa maandishi yaliyokwisha kuandikwa na kuonyeshwa pa kusaini.

New Zealand iliijua siri hiyo mapema. Mwaka 1997 ilikuwa ya kwanza kumaliza majadiliano ya pande mbili na China kuhusu kuingia kwake Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2004 ikatangulia nchi nyingine tajiri kuitambua China kuwa uchumi wa soko, jambo ambalo Beijing ililitaka sana. Mkataba ukasainiwa tarehe 7 Aprili 2008 na kuanza kutumika Oktoba mwaka huohuo.

Mkataba wa bidhaa: New Zealand na China

Mkataba huu ni wa taifa lenye kitu cha kuuza linalotaka kukiingiza kwenye soko kubwa. New Zealand ina maziwa, nyama, magogo ya mbao na matunda. Ilichotoa ni ushuru uliobaki kwenye nguo, viatu na bidhaa nyingine za viwandani, ulioshuka hatua kwa hatua hadi mwaka 2016, pamoja na nafasi 1,800 za kazi za muda kwa Wachina wenye ujuzi maalumu kama wapishi, walimu wa Kichina na waganga wa tiba za asili za Kichina. Sheria zake za ndani ziliguswa kidogo sana. Hata kipengele kinacholinda wajibu wa serikali kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, chini ya Mkataba wa Waitangi kiliingizwa na China ikakikubali.

Ugumu wote ulikuwa kwenye maziwa. China haikutaka wafugaji wake wafunikwe kwa siku moja, hivyo ushuru wa asilimia 10 kwenye maziwa ya unga ulipangiwa kushuka polepole hadi kufutika mwaka 2019. Juu ya hapo ikawekwa hatua maalumu ya kinga: kila mwaka kiasi fulani cha maziwa ya unga kiliingia kwa ushuru nafuu, na kikishajaa, shehena zote zilizofuata zilirudi kwenye asilimia 10 hadi mwaka uishe.

Hebu tazama kinga hiyo ilivyofanya kazi bandarini. Ng'ombe wa New Zealand hutoa maziwa kwa wingi zaidi Oktoba na Novemba. Muuzaji aliyekuwa na akili timamu hakuharakisha kushusha mzigo wake Desemba, maana kiasi cha mwaka huo kilikuwa kimejaa zamani. Alipanga meli ifike na mzigo upite forodhani mara tu mwaka mpya ukianza. Wote walifanya hesabu hiyohiyo, kwa hiyo kiasi cha mwaka mzima mara nyingi kilijaa katika siku au wiki za mwanzo za Januari. Aliyechelewa kidogo alilipa ushuru kamili. Hali hiyo iliendelea hadi mwisho wa 2023, na ni tarehe 1 Januari 2024 ndipo maziwa ya unga ya New Zealand yalipoanza kuingia China bila ushuru kwa mwaka wote. Kutoka siku ya kusaini ilipita miaka zaidi ya 15.

Unaposikia kwamba mkataba "umefungua soko", basi, fungua kiambatisho cha hatua za kinga usome tarehe ya mwisho. Huko ndiko soko linakofunguliwa kweli.

Pamoja na hayo, naona mkataba huu ndio bora kuliko yote katika kundi la mikataba ya bidhaa. New Zealand ilipata ratiba iliyoandikwa, na kila mwaka China ilishusha ushuru kama ilivyoahidi. Hata ule usumbufu wa Januari ulikuwa umeandikwa, kila mtu akijua utaisha lini. Nyongeza ya mkataba, iliyosainiwa Januari 2021 na kuanza kutumika Aprili 2022, ilipunguza urasimu wa forodha bila kuidai New Zealand ibadili sheria kubwa za nyumbani.

Nina tahadhari mbili. Ya kwanza ni kuhusu sifa. Mauzo ya maziwa kwenda China yaliongezeka mara nyingi baada ya 2008, lakini mwaka huohuo ndipo ilipogundulika kwamba maziwa ya watoto yaliyotengenezwa China yalikuwa yametiwa melamini, kemikali yenye sumu. Wazazi wa Kichina walikimbilia maziwa ya nje kwa hofu, mkataba uwepo usiwepo. Anayesema ongezeko lote lilitokana na mkataba anajumlisha vitu viwili tofauti.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi, nayo ni utegemezi. Leo karibu robo ya bidhaa ambazo New Zealand inauza nje huenda China. Australia, ambayo si ndogo kiasi hicho, ilikuwa na mkataba wake na China tangu Desemba 2015. Mwaka 2020 uhusiano ulipoharibika, shayiri ya Australia ilitozwa ushuru wa asilimia 80.5, na mwaka uliofuata divai yake ikatozwa hadi zaidi ya asilimia 200. China haikuhitaji kuvunja mkataba, kwa sababu ilitumia ushuru wa kuzuia bei za kutupa (yaani kuuza nje kwa bei ya chini isivyo haki), ambao mikataba karibu yote huuruhusu. Wa shayiri uliondolewa Agosti 2023, wa divai Machi 2024. Hapa mkataba wa bidhaa una udhaifu wa kweli: unakupeleka ndani ya soko kwa kasi, lakini hauna kitu cha kukukinga siku mwenye soko akikasirika.

Chile ipo kundi hilihili kwa upande wa China. Ilisaini Novemba 2005, mkataba ukaanza Oktoba 2006, na leo zaidi ya asilimia 90 ya cheri zake zinazouzwa nje huliwa China, nyingi zikiwahi sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Ni biashara nono yenye hatari ileile.

Uswisi, au kadi inayotolewa bure

Uswisi nayo ilisaini na China mwaka 2013, na mkataba ukaanza Julai 2014. Bidhaa za viwandani za China ziliingia Uswisi bila ushuru tangu siku ya kwanza. Saa za Uswisi zilipata punguzo la asilimia 60 ya ushuru wa China, nalo kwa mafungu ndani ya miaka 10. Mtu anaweza kusema mpango huo umeelemea upande mmoja, na kwa hesabu ya ushuru ni kweli.

Kilichotokea baadaye kina funzo kubwa zaidi. Tarehe 1 Januari 2024 Uswisi ilifuta ushuru wote wa bidhaa za viwandani kwa nchi zote duniani. Kwa mlaji na kwa kiwanda kinachoagiza vipuri, huo ulikuwa uamuzi mzuri, na wachumi wengi wangeuunga mkono kwa sababu nchi ndogo haiwezi kushusha bei ya dunia kwa kutoza ushuru, inajitoza yenyewe. Kwa mjumbe wa majadiliano, hata hivyo, kadi iliondoka mkononi. Agosti 2025 Marekani ilipozitoza bidhaa za Uswisi ushuru wa asilimia 39, Waswisi hawakuwa na ushuru wa viwandani wa kuahidi kuushusha. Novemba walipokubaliana kiwango kishuke hadi asilimia 15, walichoweka mezani kilikuwa ahadi za kampuni zao kuwekeza Marekani na nafasi za kuingiza nyama ya Kimarekani, katika sekta ya kilimo ambayo mwaka 2006 ndiyo iliyovunja mazungumzo yao ya kwanza na Marekani kabla hayajaanza rasmi.

Sisemi nchi ndogo ibaki na ushuru ili tu iwe na cha kubadilishana. Gharama yake nyumbani ni kubwa mno. Nasema ijue mapema kwamba ikishafungua, majadiliano yote yanayofuata yatahusu sheria, kilimo, huduma na mitaji, na ijiandae hivyo.

Mkataba wa sheria: Singapore na Chile kwa Marekani

Chile ilisaini na Marekani Juni 2003, mwezi mmoja baada ya Singapore, na mikataba yote miwili ilianza siku moja. Inafanana kama mapacha. Inagusa huduma, uwekezaji, haki miliki (hakimiliki, hataza na kadhalika), ununuzi wa umma, kazi na mazingira. Kwenye huduma na uwekezaji, kila kitu kiko wazi isipokuwa kile kilichoandikwa kwenye orodha ya yaliyozuiwa. Utaratibu huo unaonekana mdogo lakini ni mkubwa: biashara ambayo haikuwepo siku ya kusaini huzaliwa ikiwa imefunguliwa tayari, kwa sababu hakuna aliyewaza kuiorodhesha.

Kwa Singapore, sheria ya ushindani ilipitishwa Oktoba 2004 kama ilivyoahidiwa, na hakimiliki ikapanda kutoka miaka 50 hadi 70 baada ya kifo cha mtunzi. Hata ubani wa kutafuna, uliopigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 1992, ulilegezewa: kuanzia 2004 ubani wa tiba, kama ule wa nikotini kwa wanaoacha sigara, uliruhusiwa kuuzwa na mfamasia au daktari wa meno. Ubani hauna uzito wowote katika uchumi. Naukumbusha kwa sababu unaonyesha jinsi mkono wa mwenzako unavyoweza kufika ndani ya kanuni za nyumbani kwako.

Kipengele ninachokiona cha hatari kweli ni cha uhamishaji wa fedha. Katika miaka ya 1990 Chile iliwataka wanaoingiza mitaji ya muda mfupi waweke sehemu ya fedha hizo benki kuu bila riba, ili mitaji isiingie kwa fujo na kutoka kwa fujo. Wizara ya Fedha ya Marekani haikutaka kuona chombo hicho tena. Maafikiano yaliyopatikana ni kwamba serikali ikizuia baadhi ya mitaji, mwekezaji wa Kimarekani hawezi kufungua madai kabla mwaka mmoja haujapita, na fidia anayoweza kudai ina mipaka. Ni nafuu, lakini maana yake ni kwamba siku ya msukosuko serikali inafanya uamuzi huku saa ya mwaka mmoja ikihesabu. Mwaka 2012 hata Shirika la Fedha la Kimataifa lilikiri kwamba udhibiti wa mitaji unaweza kufaa katika hali fulani. Maandishi ya mikataba ya 2003 yalibaki palepale.

Wamepata nini? Mambo ya maana, na ni haki kuyataja. Raia wa Singapore wametengewa viza 5,400 za kazi za kitaalamu kwa mwaka nchini Marekani, na wa Chile 1,400, nje ya foleni ndefu ya viza za kawaida. Singapore ilipata pia mpango wa kipekee unaohesabu baadhi ya vifaa vya elektroniki kutoka visiwa vya Batam na Bintan vya Indonesia kama vinavyostahili nafuu vikipitia kwake, jambo linalolingana kabisa na namna viwanda vyake vinavyofanya kazi. Na kwa nchi inayoishi kwa kuwa kituo cha fedha, bandari na makao makuu ya kampuni, sheria zinazoaminiwa na mwekezaji wa nje ni bidhaa yenyewe. Singapore ilinunua kitu ilichokihitaji.

Kisha ikaja Aprili 2025. Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 10 kwa nchi karibu zote, Singapore na Chile zikiwemo, ingawa zote mbili zilikuwa na mkataba wa kutotozana ushuru na ingawa Singapore hununua kutoka Marekani zaidi ya inavyoiuzia. Upande mmoja wa malipo ulirudi nyuma kwa tangazo la siku moja. Upande wa pili, yaani sheria ya ushindani, miaka 70 ya hakimiliki na vipengele vya mitaji, uko palepale. Ushuru hupanda na kushuka kwa tamko. Sheria iliyokwisha kuingia kitabuni, ikazoewa na mahakama na kampuni, hairudi. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kulipa kwa sheria ili upunguziwe ushuru.

Kuingia ndani kabisa: Iceland na Umoja wa Ulaya

Iceland, Norway na Liechtenstein zilikwenda mbali zaidi ya wote. Kupitia Eneo la Kiuchumi la Ulaya, lililoanza tarehe 1 Januari 1994 (Liechtenstein ikajiunga mwaka uliofuata), zinaishi ndani ya soko moja la Ulaya: bidhaa, huduma, mitaji na watu. Bei yake ni kupokea sheria za soko hilo zinapotungwa Brussels, bila kura, pamoja na kuchangia fedha kwa maeneo maskini ya Umoja. Haki ya kukataa ipo kwenye karatasi. Norway iliwahi kutangaza mwaka 2011 kwamba itaikataa sheria ya huduma za posta, kisha serikali mpya ikabadili msimamo mwaka 2013. Waswisi waliupigia kura mpango huu Desemba 1992 wakaukataa kwa tofauti ndogo sana.

Kwa kipimo changu cha kwanza, huu ndio mkataba ghali kuliko yote. Kwa kipimo cha pili na cha tatu, unawashinda wenzake wote, na jambo hili huwashangaza watu.

Chukua msukosuko wa 2008. Benki za Iceland zilipoanguka, serikali iliweka udhibiti mkali wa mitaji Novemba mwaka huo, na udhibiti huo ukadumu hadi Machi 2017. Mkataba wa Ulaya una kifungu kinachoruhusu hatua kama hizo wakati wa shida, na udhibiti ulipopingwa, Mahakama ya EFTA, inayoamua kesi za mkataba huo kwa Iceland na wenzake wawili, iliukubali mwaka 2011. Chile isingekuwa na utulivu huo mbele ya wawekezaji wa Kimarekani. Halafu ikaja kesi ya Icesave, akaunti za akiba ambazo benki moja ya Iceland iliyoanguka iliwafungulia wateja wa nje. Uingereza na Uholanzi zilitaka Iceland ibebe dhamana ya amana za wateja wao. Januari 2013 mahakama hiyohiyo, huku Tume ya Ulaya ikiwa imesimama upande wa pili, iliamua kwamba Iceland haikuvunja sheria. Nchi ya watu wapatao 320,000 ilishinda kwa hoja za sheria. Sijui mkataba mwingine wa mdogo na mkubwa wenye ushahidi wa namna hiyo.

Tena Iceland haikutoa kila kitu. Sera ya uvuvi na ya kilimo zilibaki nje, na maji yake yamebaki yake. Kwa taifa linaloishi kwa samaki, bila mstari huo mkataba wote usingekuwa na maana.

Mfano huu, hata hivyo, hauhamishiki kirahisi. Unahitaji dola kubwa ambayo yenyewe inatawaliwa na sheria na mahakama, iliyo jirani, na iliyo tayari kujenga taasisi ya pamoja. Marekani na China hazijaipa nchi yoyote ndogo mahakama ya aina hiyo.

Kutosaini kabisa

Nchi maskini zina njia nyingine: upendeleo unaotolewa na mkubwa bila kudai malipo ya ushuru. Ni nafuu kuupata na ni rahisi kuupoteza. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, Marekani ilisimamisha nafuu ya nguo za Rwanda chini ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Julai 2018. Umoja wa Ulaya uliiondolea Cambodia sehemu ya upendeleo wake Agosti 2020 kwa sababu za haki za binadamu. AGOA yenyewe ilifikia ukomo Septemba 2025, na viwanda vikabaki kuangalia Bunge la Marekani litafanya nini. Hakuna mwekezaji anayejenga kiwanda cha miaka 20 juu ya kibali cha namna hiyo.

Kati ya upendeleo na mkataba kamili kuna mikataba ya ubia wa kiuchumi ya Umoja wa Ulaya. Nchi za Karibi zilisaini wao Oktoba 2008, Kenya Desemba 2023. Ulaya hufungua mara moja, mdogo hufungua sehemu tu ya soko lake, na hupewa hadi miaka 25. Kwa nchi ambayo bado inategemea mapato ya forodha kuendesha serikali, ratiba hiyo ina thamani kuliko asilimia yoyote ya ziada, na ningeichagua kabla ya mkataba wa mtindo wa Marekani.

Cheti cha uasili

Neno moja kuhusu jambo linaloua faida kimyakimya. Nafuu ya ushuru haimfikii muuzaji mpaka athibitishe kwamba bidhaa imetengenezwa nchini kwake. Katika mikataba ya Marekani, nguo hustahili ikiwa uzi wenyewe umetoka kwa mmoja wa washirika. Nchi ndogo huagiza karibu kila malighafi, kwa hiyo kanuni kama hiyo inaweza kumnyima nafuu mshonaji ambaye kazi yote ameifanya mwenyewe. Na pale ushuru wa kawaida ulipo asilimia mbili au tatu, wauzaji wengi hulipa tu kuliko kuhangaika na makaratasi. Mjumbe aliyepata kanuni nyepesi za uasili amefanya kazi kubwa kuliko aliyepata mistari 200 zaidi ya asilimia sifuri.

Nani achague upi

Nchi inayouza mazao au madini, yenye sheria za nyumbani inazotaka kuzilinda, ifuate njia ya New Zealand, na tangu siku ya kwanza ijiwekee lengo la kutomtegemea mnunuzi mmoja. Nchi inayoishi kwa huduma na mitaji ya nje inaweza kubeba mkataba wa sheria, kwa sharti kwamba sheria hizo ingezitaka hata bila mkataba. Kama jibu la serikali kwa swali hilo ni hapana, iondoke mezani. Nchi iliyo mlangoni mwa soko moja kubwa linaloongozwa na mahakama iutazame mfano wa Iceland bila aibu. Kwa nchi maskini inayoishi kwa mapato ya forodha, miaka 25 ya kujiandaa ndiyo ya kupigania.

Kuna njia ya tano, nami naipenda kuliko watu wengi wanavyoipenda: wadogo waanze wenyewe. Brunei, Chile, New Zealand na Singapore zilisaini mkataba wao mwaka 2005, ukaanza 2006. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba hakuna aliyeujali, lakini uliandikwa vizuri, na wakubwa wakaomba kuingia. Marekani ilipoingia, ilileta madai yake ya kawaida kuhusu haki miliki, dawa na uwekezaji. Ilipojitoa Januari 2017, nchi 11 zilizobaki zilikaa tena, zikaendelea na mkataba, sasa ukiitwa CPTPP, uliokuja kuanza kutumika Desemba 2018, na zikasimamisha vipengele 22, vingi vikiwa vile ambavyo Marekani ndiyo iliyovitaka: miaka 70 ya hakimiliki, ulinzi wa ziada wa data za dawa za kibayolojia, na sehemu ya haki za wawekezaji kushtaki serikali. Orodha hiyo ya vipengele 22 imechapishwa na iko wazi kwa yeyote. Wizara inayojiandaa kukaa na dola kubwa ianze kwa kuisoma, ikiweka alama kando ya kila kimoja: hiki tunaweza kukilipa, hiki hatukilipi.